Mimba hukuipanga, mfukoni hamna kitu: maswali ninayoulizwa kliniki, Mwanza

Alfajiri moja alikuja dada mmoja akitokea Mwaloni, Kirumba, magamba ya dagaa yakiwa bado yamemganda mikononi. Alifungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne na kipimo cha mkojo chenye mistari miwili. Akaviweka vyote mezani, akaniuliza, "Nesi, hii inatosha?" Alikuwa anaulizia ile noti.

Mimi ni muuguzi mkunga, na maswali yaliyofuata siku hiyo nayasikia kila wiki. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu.

Siku zangu zimepita wiki mbili. Nianzie wapi kabla sijamwambia mtu?

Anza kwa kuwa na uhakika. Kipimo cha mkojo kinauzwa maduka ya dawa, na zahanati nazo zinapima. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ukiona mstari mmoja na siku bado hazijaja, rudia baada ya wiki moja, maana mimba changa sana huweza kujificha. Ikithibitika, kumbuka tarehe ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, hesabu miezi tisa mbele na uongeze siku saba. Utajua takriban utajifungua lini, na una miezi mingapi ya kujipanga.

Kama mlikutana siku chache tu zilizopita na una wasiwasi, vidonge vya dharura vinafanya kazi ndani ya saa 120, na kadiri unavyowahi ndivyo vinavyosaidia. Vinazuia mimba isiingie. Iliyokwisha kuingia havitoi. Na kama ulilazimishwa, fika kituo cha afya ndani ya saa 72 ili upate na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Nenda hata kabla hujaamua kama utaripoti polisi.

Kliniki nitalipa kiasi gani?

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya serikali. Yule dada aliondoka na elfu mbili yake.

Lakini sitakuficha: vituo vingi vitakuambia uje na vifaa vyako vya kujifungulia. Glovu, pamba, wembe mpya, kibanio cha kitovu, mpira wa kulalia, beseni, kanga tatu nne safi. Ukivitafuta vyote usiku wa uchungu, utakopa kwa aibu. Ukinunua kimoja kimoja kuanzia mwezi wa nne, hutaona ulipozitoa hela. Nina mama mmoja aliyekuwa ananunua jozi moja ya glovu kila akimaliza kuuza ndoo ya dagaa, anaitia kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda. Alikuja kujifungua na mfuko umejaa, nusu akamwachia mwenzake wa kitanda cha pili.

Anayechelewa kliniki kwa sababu hana hela ndiye anayeishia kulipa zaidi, na hilo linaniuma kuliko mengine yote. Ukija kabla ya wiki 12 tunapima wekundu wa damu, kundi la damu, presha, mkojo, malaria, kaswende na VVU. Kaswende inatibika kwa sindano ya penisilini; ikiachwa inaweza kumuua mtoto tumboni. Ukikutwa na VVU unaanzishiwa dawa, na ukizitumia vizuri mtoto ana nafasi kubwa sana ya kuzaliwa bila maambukizi. Utapewa vidonge vya kuongeza damu na chandarua, na kuanzia wiki ya 13 vidonge vya SP vya kukinga malaria, ambayo kwetu huku ziwani haina likizo. Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8 tangu mwaka 2016. Makongoro, Buzuruga, Igoma au zahanati ya mtaani kwako, popote palipo karibu panatosha kwa kuanzia.

Kama unaoga au kuchota maji ziwani, mwambie mhudumu. Kichocho kinapunguza damu, na dawa yake mjamzito anaweza kupewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo.

Wanataka nije na mwenza, na wangu amezima simu.

Kuja na mwenza kunahimizwa ili mpimwe wote wawili. Si sharti la wewe kuhudumiwa. Sema kwa sauti ya kawaida: "Niko peke yangu." Wakikusukuma urudi nyumbani, omba kuonana na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo. Mahali pengine watakuomba barua ya mwenyekiti wa mtaa ya kuthibitisha kwamba huna mwenza wa kuja naye. Mimi siipendi desturi hiyo, lakini kama ndiyo njia fupi ya kupata kadi siku hiyo, ichukue, uje tukupime.

Rafiki yangu amenielekeza kwa mtu wa kuitoa. Unasemaje?

Sikugombezi. Anayeuliza hivi mara nyingi ana watoto watatu nyumbani na deni dukani.

Kwanza sheria. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, inafanya kutoa mimba kuwa kosa kwa anayetoa, kwa anayetolewa na kwa anayempa vifaa au dawa. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Kwa hiyo kama una ugonjwa wa moyo, presha kali, au daktari amekuambia mimba hii inahatarisha uhai wako, hilo ni jambo la hospitali, Sekou Toure au Bugando, na una haki ya kuliuliza waziwazi.

Pili mwili wako. Bluu ya kufulia, mizizi, kijiti cha muhogo, vidonge vya kununua gizani: nimewapokea wanawake waliopitia huko. Mmoja alikuwa amelala na homa siku nne kwa kuogopa kukamatwa, akafika kizazi kimeoza.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine utayasahau: ukivuja damu nyingi, ukipata homa, maumivu makali ya tumbo au uchafu wenye harufu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Matibabu ya mimba iliyoharibika ni halali na hutolewa kwa kila mwanamke, bila kujali ilianzaje. Mwambie mhudumu ulichotumia. Anahitaji kujua ili akutibu sawasawa.

Nikimzaa na siwezi kumlea?

Wengi wetu tumelelewa na bibi Sengerema au Magu na hatukupungukiwa utu, basi zungumza na ndugu kwanza. Ikishindikana, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako inashughulikia malezi ya kambo na kuasili. Kuasili ni kwa amri ya Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na afisa ustawi atakueleza kila hatua kabla hujakubali lolote. Unaweza kwenda kuuliza ukiwa bado mjamzito, na ukabadili mawazo. Usimkabidhi mtoto mtu anayekuahidi fedha, hata awe na maneno matamu namna gani.

Baba wa mtoto akikataa matunzo?

Sheria hiyo hiyo ya Mtoto inambana. Anzia ustawi wa jamii. Wataandika wito, mtakaa, na asipokubali suala linakwenda mahakamani. Akisema si wake, kuna kipimo cha DNA kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Hifadhi jumbe zake za simu.

Na kama umeajiriwa, hata kiwandani kwenye minofu ya sangara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inakataza kukufukuza kwa sababu ya ujauzito. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, siku 100 kwa mapacha.

Mimi bado mwanafunzi.

Mdogo wangu, shule haijaisha. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba aliyeacha masomo kwa ujauzito anaweza kurudi kwenye mfumo rasmi. Kama una chini ya miaka 18, aliyekupa mimba ametenda kosa la jinai, na si wewe. Piga 116, simu ya mtoto, ni bure.

Nile nini wakati hela ni ya unga tu?

Hapa ziwa linatubeba. Dagaa wakavu, wakiliwa pamoja na kichwa na miiba, wana madini ya chuma na chokaa. Waoshe mchanga vizuri, upike na matembele au mlenda, ugali wake uwe wa dona. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na maharage ni chakula kizuri pia. Vidonge vya damu meza na maji au chungwa. Chai iache kwanza, maana inazuia chuma kisiingie mwilini.

Na ule udongo wa pemba unaouzwa sokoni kwa vipande, najua utamu wake kwa mjamzito. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua, na udongo wenyewe unaweza kubeba minyoo. Ukiutamani sana, njoo tupime damu.

Mtaji umekwisha. Hela itatoka wapi?

Wauza dagaa wanajua kwamba mbalamwezi ikiwaka mitumbwi haitoki, na nyumba inakaa bila kitu. Weka akiba wakati wa giza, hata mia tano, kwenye kikoba chenye watu unaowaamini. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya halmashauri ilirejeshwa mwaka 2024, na asilimia 4 ni ya wanawake walio kwenye vikundi. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kaya yako ikiwa duni sana, uliza serikali ya mtaa kuhusu TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, iogope.

Nipo kisiwani. Uchungu ukinishika usiku?

Piga 115 bure. Huo ni mfumo wa m-mama, ambao majaribio yake yalianzia Kanda yetu ya Ziwa, Sengerema ikiwemo, kabla ya kuenezwa nchi nzima. Unatafutiwa usafiri wa dharura. Kwa aliye Ukara au Kome, bora uhamie kwa ndugu karibu na kituo wiki mbili tatu kabla. Usisubiri uchungu ukivuja damu, ukivimba uso, kichwa kikiuma na macho kuona ukungu, chupa ikivunjika, au mtoto akiacha kucheza.

Silali. Na sijui nitamwambiaje mama.

Kukosa usingizi, kulia bila sababu, kutamani usiwepo: hiyo yaweza kuwa sonona, na inatibiwa. Ukifikia kutamani kufa, njoo siku hiyo, au piga 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya.

Kuhusu mama, yule dada wa Mwaloni aliniuliza hivyo hivyo. Nilimwambia amwombe mama yake amsindikize kliniki Jumatatu, amwambie tu kwamba anaumwa. Walikuja. Nilimweka mama kwenye kiti, nikampa binti kadi aishike, na nikaanza kuzungumza mimi.