Je, wajua kwa nini mkimbiaji wa milimani husindikizwa na rafiki asiyeruhusiwa kumbebea hata maji?

Katika mbio za Western States, kilomita 161 za kupanda na kushuka milima ya Sierra Nevada huko California, kuna jambo linaloanzia Foresthill, karibu na kilomita ya 100. Mkimbiaji anafika hoi, anaongeza maji, na anapoondoka wanakuwa wawili. Huyo wa pili hashindani na yeyote, hana tuzo inayomngoja, na kanuni zinamkataza kumbebea mwenzake hata chupa moja. Sasa anafuata nini?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu, tena nililitoa kwa kujiamini: anakata upepo na kuweka kasi. Nililiokota kwa Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 akiwa amezungukwa na waweka kasi waliopokezana, 41 kwa jumla, waliojipanga ili kumkinga na hewa. Nikadhani milimani ni mambo yaleyale, ila kwa bajeti ndogo.

Hesabu inakataa. Kipchoge alikwenda kilomita 21 hivi kwa saa. Anayemaliza Western States katika dakika za mwisho za saa 30 zinazoruhusiwa anakwenda wastani wa kilomita 5.4, yaani mwendo wa mtu anayewahi basi. Ukinzani wa hewa hufuata mraba wa kasi: kasi ikipungua mara nne, ukinzani hupungua mara 16. Hapo hakuna upepo wa kukatwa, labda mlima uvumishe wake. Na kuhusu kuweka kasi, mara nyingi msindikizaji hata hayuko mbele. Yuko nyuma, anatazama miguu ya mwenzake inavyokanyaga. Kwa hiyo nilikosea mara mbili katika sentensi moja.

Jibu linaeleweka vizuri zaidi ukimfikiria mlinzi wa usiku. Mwizi akija, atapiga kelele. Taa ikizimika, ataripoti. Kuna tukio moja tu ambalo hawezi kuliripoti: kwamba amesinzia. Ubongo uliokesha uko vivyo hivyo. Sehemu yake ya mbele, inayopima hatari na kupanga hatua inayofuata, ndiyo hiyo hiyo inayotegemewa kugundua kwamba mipango imeanza kuharibika. Ikichoka, inachoka pamoja na kipimo chake.

Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha utafiti kuhusu watu waliopunguziwa usingizi. Waliolala saa sita kila usiku kwa wiki mbili walizidi kuboronga vipimo vya umakini siku baada ya siku, ilhali wenyewe walijiona wana usingizi kidogo tu. (Hao walikuwa maabara, hawakuwa mlimani, na hawakukesha mfululizo. Tusiuvute utafiti huo kupita ulipofika.)

Basi ni saa 9 usiku, na mkimbiaji amekaa juu ya jiwe. Taa ya kichwani inamulika kiatu alichokivua, naye anakitazama kama kitu alichokiokota.

“Umekula?”

“Nimekula.”

Pakiti iko mkononi mwake, haijafunguliwa. Hadanganyi, anaamini amekula. Mgeni angeridhika na jibu hilo. Rafiki aliyefanya naye mazoezi anaijua sauti yake akiwa mzima, kwa hiyo habishani naye. Anamwambia afungue sasa hivi, na anasimama palepale mpaka atafune.

Kuna pia habari inayonichekesha kidogo. Mwaka 2008 Simone Schnall na wenzake waliripoti kwamba mtu akisimama chini ya mlima na rafiki yake, hukadiria mteremko kuwa si mkali kama anavyoukadiria akiwa peke yake. Ningependa iwe kweli. Ila mwaka uliofuata Frank Durgin na wenzake walichunguza majaribio ya jamii hiyo, yale ya kubebesha watu mkoba mzito kisha kuwauliza mteremko ni mkali kiasi gani, wakaonyesha kwamba washiriki huweza kubahatisha mtafiti anataka jibu gani, wakampa. Mimi sitegemei mlima ulainike.

Wala msindikizaji si sharti la kumaliza. UTMB, mbio zinazozunguka mlima Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, hazimruhusu kabisa njiani, na watu humaliza zaidi ya kilomita 170 wakiwa wamejilinda wenyewe.

Lakini rudi California uangalie kanuni ndogo ambayo ningeisoma mapema nisingeropoka habari za upepo. Msindikizaji huanzia Foresthill, isipokuwa mkimbiaji akichelewa na kufika kituo cha Michigan Bluff, kilomita kama 10 kabla ya hapo, baada ya saa 2 usiku. Huyo anaruhusiwa kumchukua rafiki yake palepale, kwa sababu giza limeshaingia.