Je, wajua kwa nini kuna kokoto chini ya nyasi za gofu?

Ukiuona uwanja mkongwe wa gofu wa bara, wenye miti mikubwa na nyasi kama zulia, utadhani mchezo huu ulizaliwa humo. Sivyo. Ulilelewa Scotland, kwenye michanga ya kando ya bahari kama St Andrews, ambako miti ni adimu na mvua ikinyesha maji hupotelea ardhini. Katika karne ya 19 ulizidi kuhamia bara, hadi kwenye mashamba ya mabwanyenye wa Uingereza. Huko ulipata vivuli vizuri, na mara nyingi udongo wa mfinyanzi pia. Mashine ya kukata nyasi, aliyoibuni Edwin Budding mwaka 1830, hatimaye iliwapumzisha kondoo. Matope ya majira ya baridi yalibaki palepale.

Mwaka 1960 chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilitoa mwongozo wa kujenga grini, yaani kile kipande cha nyasi fupi kabisa chenye shimo: takriban sentimita 30 za mchanganyiko wenye mchanga mwingi, chini yake sentimita 10 hivi za kokoto, kisha mabomba ya kutolea maji. Viwanja vingi vya zamani vimefumua grini zao na kufuata mtindo huo.

Kwa miaka mingi niliamini kokoto ziko pale kuyaharakisha maji. Matundu makubwa, maji yapite mbio. Kuna la kubishia? Imani hiyo ilinifanya nijaze kokoto chini ya kila chungu cha maua, kisha nishangae mizizi ikioza. Kumbe kazi yao ya kwanza ni kuyachelewesha maji, na huyachelewesha kwa sababu hiyohiyo kwamba matundu yao ni makubwa.

Tazama shuka lililoanikwa kambani. Juu limeshakauka, pindo la chini bado limelowa. Chini ya pindo kuna hewa tupu, lakini maji hayadondoki, kwa kuwa vijitundu vya nyuzi vimeyang'ang'ania. Yatadondoka pale tu uzito wa maji yaliyo juu utakaposhinda mng'ang'anio huo. Kwenye grini, mchanga ndio shuka, na kokoto ndizo hewa.

Au chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, ishike ikiwa imelala hadi iache kudondosha. Sasa isimamishe. Itadondosha tena! Matundu ni yaleyale. Kilichoongezeka ni kimo. Ukanda wa maji yaliyong'ang'aniwa una kimo chake, na sponji iliyolala karibu yote imo ndani ya ukanda huo. Sentimita 30 za mchanga hutosha kuiacha sehemu ya juu na hewa, huku akiba ya maji ikibaki chini. Vyungu vyangu vilikuwa vifupi, nami nikaupandisha ukanda huo hadi kwenye mizizi.

Hata hivyo kokoto si pambo: mvua kubwa ikijaza mchanga, maji humwagikia humo na kukimbilia mabombani. Tena saizi za chembe lazima zioane, la sivyo mchanga hupenya kwenye kokoto, na ndiyo maana wakati mwingine huwekwa tabaka la mchanga wa chembe kubwa katikati.

Grini za kale ambazo hazijafumuliwa ni jambo jingine. Nyingi ni udongo wa hapohapo uliorundikwa, ukanyunyiziwa mchanga mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo ndani ya uwanja mmoja mpira unaweza kuganda kwenye grini ya tatu na kuteleza kwenye ya nne.