Kidonge cha kipandauso si cha kuwekea akiba

Mama mmoja muuza vitenge hapa Busia, Uganda, alinirudishia kwa hasira pakiti ya sumatriptani, dawa ya kipandauso, yaani yale maumivu makali ya kichwa yanayorudi-rudi (migraine). "Musawo, dawa yako ni ghali na haifanyi kazi." (Huku kwetu nesi, daktari na sisi wafamasia, sote ni musawo.) Nikamuuliza alimeza saa ngapi. Kichwa kilimwanza saa mbili asubuhi. Akavumilia, akameza Panadol, akavumilia tena. Saa tisa alasiri, akiwa ameshatapika mara mbili, ndipo alipofungua pakiti. Kwa bei ile, alikuwa amekitunza kidonge kama noti ya mwisho kwenye pindo la leso.

Wengi huiharibu dawa hii kwa namna hiyo hiyo. Kipandauso kinapoanza, neva inayopeleka hisia za uso na kichwa humwaga kemikali, mojawapo ikiitwa CGRP, kwenye utando unaofunika ubongo. Mishipa ya damu ya pale hupanuka, na neva yenyewe huzidi kuchachamaa. Sumatriptani imeundwa ifanane na serotonini, kemikali ya mwili wenyewe, kwa hiyo hukaa kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu zinazoipokea. Kwenye mishipa, huifanya inywee. Kwenye neva, huzuia ile kemikali isiendelee kumwagwa. Ndiyo maana ukiumwa jino au mgongo haitakufaa kitu.

Sasa, ukichelewa, mambo mawili hukugeukia. Tumbo hulegea wakati wa kipandauso, kidonge kikakaa humo bila kwenda popote, au kikatoka na matapishi. Tena hata siku njema, ni takriban asilimia 14 tu ya dawa inayofika kwenye damu, maana ini huivunja kwanza. Pili, neva ikishachachamaa sana, hata kufunga kitambaa kichwani kunauma, na hapo dawa huwa na kazi ngumu. Meza kichwa kinapoanza kuuma, maumivu yakiwa bado madogo. Lakini wale wanaoona vimulimuli machoni kabla ya kichwa kuuma, wasubiri maumivu yenyewe yaanze; kumeza wakati wa vimulimuli hakuzuii kitu.

Dozi ya kawaida ni miligramu 50, kidonge kizima kwa maji. Kichwa kikiisha kisha kikarudi, unaweza kumeza kingine baada ya saa 2 au zaidi, bila kupita miligramu 200 kwa saa 24. Kama cha kwanza hakikusaidia kabisa, usiongeze kwa shambulio hilo hilo. Rudi kwa aliyekuandikia.

Kifua au koo kubana kidogo, vidole kuwasha, usingizi: hayo hutokea na kwa kawaida hupita. Kifua kikibana sana au maumivu yasipopita, nenda hospitali mara moja. Ila kwa kuwa dawa hunyweza mishipa, mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyotulia haimfai. Aliyemeza ergotamini, dawa nyingine ya kipandauso, asubiri saa 24. Ndiyo sababu nakuomba cheti cha daktari, hata ukinikasirikia dirishani.

Na jambo la Uganda hasa: hapa kila kichwa ni malaria. Nimeona watu wakimeza Coartem kila mwezi kwa kipandauso, bila kupimwa hata mara moja. Pima kwanza. Na kichwa chenye homa na shingo ngumu, au kilichopasuka ghafla kuliko chochote ulichowahi kupata, kisiletwe dukani kwangu, kipelekwe hospitali.

Yule mama nilimpa kalenda ndogo atie alama kila siku anayomeza, kwa sababu siku 10 au zaidi kwa mwezi, miezi ikifuatana, dawa yenyewe huanza kuleta kichwa. Mwezi uliopita alinionyesha alama nne. Ya tatu, aliniambia, alimeza akiwa kwenye boda, na kufika saa sita alikuwa anapima vitenge.