Kuchakaa kwa Makula: Maswali Kutoka Lamu

Babu yetu wa Langoni akifungua msahafu huona mistari imepinda, na neno analolikazia macho lina kiwi katikati, ilhali pembeni anaona sawa. Je, ni mtoto wa jicho?

Mtoto wa jicho hufifiza picha nzima. Dalili hizi zaelekea zaidi kuchakaa kwa makula, yaani sehemu ndogo ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) tunayoitegemea kusoma na kutambua nyuso. Ugonjwa huu, unaoandamana na umri, una aina mbili: mkavu, ambao huenda polepole, na wa majimaji, ambapo mishipa mipya ya damu huota chini ya retina na kuvuja. Aina ya pili huweza kuharibu uoni kwa muda mfupi, kwa hiyo mzee asisubiri. Afikishwe kwa daktari wa macho wiki hii hii.

Jirani amemletea vidonge vya vitamini kutoka Mombasa. Vina faida?

Inategemea hatua ya ugonjwa. Utafiti wa AREDS, uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba vitamini C na E, beta-karotini, zinki na shaba kwa pamoja vilipunguza kwa takriban asilimia 25, katika miaka 5, uwezekano wa ugonjwa wa kiwango cha kati kufikia hatua kali. Havikuzuia ugonjwa kuanza. Utafiti wa pili, wa mwaka 2013, ulipendekeza luteini na zeaksanthini, rangi za asili zilizomo katika mboga za majani, badala ya beta-karotini, ambayo huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara. Vidonge vya mafuta ya samaki havikuongeza faida yoyote, ingawa samaki mwenyewe abaki mezani.

Tumeambiwa huenda akadungwa sindano jichoni, nayo ni ghali mno.

Jicho hutiwa ganzi kwanza. Dawa hii ni ya aina ya majimaji; huzuia VEGF, protini inayoichochea mishipa ile kuota. Majaribio ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 waliodungwa ranibizumabu, mojawapo ya dawa hizi, kila mwezi hawakupoteza uoni kwa kiasi kikubwa katika mwaka wa kwanza. Hata hivyo, kwa familia zetu za pwani naona utafiti wenye uzito zaidi ni wa CATT, wa mwaka 2011: bevasizumabu, dawa ya saratani yenye bei ndogo sana ambayo nayo huzuia VEGF, ililinda uoni sawasawa na ranibizumabu iliyo ghali. Muulizeni daktari waziwazi kama itamfaa babu.

Nasi wajukuu wake?

Urithi unachangia, na anayevuta sigara aache. Funika jicho moja, utazame ukingo wa mlango, kisha ubadilishe jicho. Ukiuona umepinda, nenda ukapimwe.