Kufufua Mtaa: Maana Yake kwa Mfano wa Nairobi

Kufufua mtaa ni kurudisha uhai katika sehemu ya mji iliyochakaa kwa kubadilisha mpangilio wake, yaani njia, mitaro, taa, nyua, majengo na nafasi za wazi, huku wakazi wake wakibaki palepale. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachosahaulika upesi. Kubomoa mtaa na kusimamisha maghorofa ambayo aliyekuwa akiishi pale hawezi kuyalipia ni kujenga mtaa mwingine juu ya ardhi ileile.

Dandora, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, inafundisha vizuri jinsi mtaa unavyochakaa. Ulipangwa miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia: mtu alipewa ploti yenye choo na maji, vyumba akajijengea mwenyewe pole pole. Ploti zilizunguka ua wa pamoja, ili watoto wapate pa kucheza na nguo zipate pa kuanikwa. Kwenye ramani ulikuwa mpango wa busara. Kisha wenye ploti wakapandisha ghorofa za kupangisha, watu wakazidi uwezo wa mabomba ya majitaka, nayo huduma ya kuzoa taka ikazorota. Ua wa wote ukakosa mwenyewe. Ukawa mahali pa kutupa taka na maficho ya wezi. Jaa kuu la jiji nalo liko hapo hapo Dandora tangu katikati ya miaka ya 1970, kwa hiyo hata jina la mtaa lilikwisha kunuka.

Vikundi vya vijana, kikiwemo cha Mustard Seed, vilianza na ua mmoja mmoja: kuzoa taka, kuzibua mitaro, kupanda miti, kupaka kuta rangi. Dandora Transformation League, muungano wa vikundi hivyo, ikaigeuza kazi hiyo kuwa mashindano baina ya nyua. Wapiga picha hupenda zile rangi, lakini rangi ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Lango dogo humwonyesha mpita njia kwamba hapa pana wenyewe. Mtaro unaotiririka unawezesha watu kukaa nje. Watu wakikaa nje, madirisha yakiwa yanatazama uani, mwizi anaonekana kabla hajafika. Na wakazi huchanga ada ndogo ya usafi na ulinzi, ambayo kijana anayetunza ua huipata kama kipato. Bila ada hiyo, ua hurudi kuwa jaa baada ya masika mawili, hata msanifu wake awe bingwa namna gani.

Katikati ya mji dawa ilikuwa nyingine. Barabara ya Luthuli, inayojulikana kwa maduka ya redio na simu, ilibadilishwa mwaka 2019: magari yakapewa njia ya upande mmoja, wenye miguu wakaongezewa nafasi, miti ikapandwa. Huko tatizo lilikuwa msongamano na kelele, hapakukosekana wa kulipa.

Mukuru, eneo la mitaa ya mabanda Nairobi, ni kazi kubwa zaidi. Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo linalopangwa upya kwa utaratibu wake lenyewe, lenye kaya takriban laki moja, wengi wakiwa wapangaji wa vyumba vya mabati. Muungano wa Wanavijiji, ambao ni shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na washirika wake waliwapanga wakazi katika vikundi vya kaya kumi kumi, ili hata mama mboga wa kichochoro cha ndani aseme barabara ipite wapi na nani asogee. Ni utaratibu wa polepole, na naona ndio uliostahili. Hata hivyo, mwishoni mwa 2021 maelfu walibomolewa nyumba katika Mukuru kwa Njenga, mmojawapo wa mitaa hiyo, kupisha barabara. Mpango mzuri haumkingi mtu ambaye haki yake ya kukaa haijaandikwa popote.

Hapo ndipo usanifu unapofika mwisho wa uwezo wake. Maji yakiingia, taa zikiwaka na njia ikisakafiwa, mwenye nyumba huona sababu ya kupandisha kodi, na mpangaji aliyechangia usafi ndiye wa kwanza kufunga virago. Huko Soweto Mashariki, sehemu ya mtaa wa mabanda wa Kibera, nyumba 822 za serikali za kuwahamishia wakazi wa vibanda zilikamilika mwaka 2016, lakini baadhi ya waliopewa walizipangisha wakarudi kwenye vibanda, kwa kuwa pesa ya kodi iliwafaa kuliko sebule. Kwa hiyo ukisikia mtaa fulani unafufuliwa, kabla ya kutazama michoro uliza mkataba wa kodi unasemaje, na umewekwa kwa miaka mingapi.