Mafuta ya taa hayasafishi nozeli

Kwa miaka mingi madereva wameambiana kwamba lita mbili tatu za mafuta ya taa kwenye tangi la dizeli husafisha nozeli, yaani vifaa vinavyonyunyiza dizeli ndani ya injini. Gari hukosa nguvu au hutoa moshi mweusi, na dawa ni hiyo. Kwenye injini za zamani madhara yalichelewa kuonekana. Kwenye injini za kisasa za komoni reli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la shinikizo kubwa, ushauri huu unaua gari.

Pampu ya injini hizi husukuma dizeli kwa shinikizo linaloweza kufika baa 2,000, na kinachoilainisha ndani ni dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vya kutosha. Chuma husuguana na chuma, chenga zake husafiri hadi kwenye nozeli, na hapo utanunua pampu, nozeli zote, na kusafisha tangi na mabomba. Nchi za baridi kali huchanganya mafuta ya taa na dizeli ili isigande. Mombasa dizeli inagandia wapi?

Kenya ilipotoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ilikuwa kuzuia wanaoyachanganya na dizeli.

Gari likikosa nguvu, anza na filta ya dizeli na maji yaliyotuama chini yake. Kagua mipira inayopitisha hewa ya turbo, kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini, maana ikipasuka moshi mweusi hutoka vilevile. Kisha fundi apime dizeli inayorudi kutoka kila nozeli kwa vichupa. Inayorudisha nyingi kuliko wenzake ndiyo ya kushughulikia.