Kulaza gari msimu wa mvua Mtwara na Lindi: yanayosemwa na ukweli wake

Kusini hatuna vuli na masika kama Dar es Salaam. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na hiyo ndiyo miezi ambayo mwenye Land Rover ya zamani, Peugeot 504 au Datsun ya urithi hulifungia gari lake ndani lisiende kufia kwenye tope. Ulaya nao hulaza magari yao wakati wa baridi kali, na maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu zetu yametoka huko. Yanaogopa barafu. Adui zetu ni chumvi, joto, unyevu na panya. Ukichanganya maelekezo hayo na mazoea ya mtaani, unapata mambo mengi yanayofanywa kwa nia njema huku gari likiumia.

Wanasema: "Liwashe dakika tano kila asubuhi, injini isilale."

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu wanaoifanya ni watu wanaolipenda gari kweli. Kijana wa nyumbani anapewa funguo, anawasha, anakanyaga mafuta mara mbili tatu, anazima, anarudisha funguo. Kila mtu ameridhika.

Petroli ikiungua hutoa maji. Lita moja huzalisha takribani lita nzima ya maji, yakiwa mvuke. Injini ikishapata moto sawasawa, mvuke huo hutoka nyuma na kupotea. Ikiwa bado ya baridi, hugeuka maji ndani ya ekzosi, na kiasi kingine hupenya hadi kwenye oili. Chungulia bomba la ekzosi siku hiyo: matone yanadondoka sakafuni, meusi kwa masizi. Hayo ni yale yaliyopata njia ya kutoka. Yaliyobaki yanaila ekzosi kwa ndani. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili kwenye gari lililowashwa hivyo kwa wiki kadhaa. Mara nyingi upande wa chini utakuta utando wa rangi ya maziwa, mzito kama uji. Wapo waliouona wakakimbilia kufungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, wakidhani gasketi inayoziba maungio yake imekufa, wakalipa hela ya bure. Gasketi iliyokufa hujulikana kwa dalili nyingine pia, kama maji ya rejeta kupungua na injini kuchemka.

Betri nayo inapoteza. Stata hula umeme mwingi kwa sekunde chache, na alteneta inayochaji betri, ikizunguka polepole dakika tano, huenda isirudishe chote ulichotumia. Ukiwasha hivyo kila siku, huenda siku moja lisiwake.

Basi chagua moja. Ama uliendeshe barabarani kama nusu saa, injini, giabosi na breki vipate moto, ama usiliguse kabisa mpaka mvua iishe. Na ukiamua kutoligusa, badilisha oili kabla ya kulilaza. Oili iliyotumika ina asidi na unyevu, na huna sababu ya kuilaza nayo miezi mitano.

Wanasema: "Betri usiiweke kwenye saruji, itanyonywa."

Ilikuwa kweli enzi za babu zetu, makasha ya betri yalipokuwa ya mbao au mpira mgumu. Kasha la leo ni plastiki na saruji hailifanyi lolote. Kinachoimaliza betri ni muda na joto: hata ukitoa waya hujipunguza yenyewe, na kwenye joto la pwani hupungua upesi zaidi. Toa waya wa hasi kwanza, kisha ipime mara kwa mara. Betri nzima iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6. Ikishuka chini ya 12.4, ichajishe. Chaja inayojikata yenyewe ni bora kuliko kuipeleka ikapigwe umeme mkali usiku kucha.

Wanasema: "Liko ndani, limekauka, kutu itatoka wapi?"

Itatoka kwenye chumvi. Huko Ulaya chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Huku inaletwa na upepo wa bahari. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika karibu asilimia 75, na usiku wa msimu wa mvua pale Shangani ya Mtwara, Mikindani au Lindi mjini karibu na maji, hewa huvuka kiwango hicho mara kwa mara. Kwa hiyo gari lenye utando wa chumvi hulowa kila usiku ndani ya banda lisilovuja hata tone.

Dawa yake ni kuliosha kabla ya kulilaza, hasa chini: ndani ya fenda, nyuma ya matairi, kwenye maungio ya chasisi. Angalia na maji yenyewe. Visima vingi vya karibu na ufuko vina chumvi, na ukioshea hayo unaongeza kile unachokiondoa. Tumia maji ya bomba au ya mvua, kisha liache juani likauke kabisa kabla ya kufunga mlango.

Hapo utamsikia mwenye Land Rover akisema yake ni alumini, haishiki kutu. Ni nusu ya ukweli. Land Rover ilianza kutengenezwa mwaka 1948, chuma kikiwa adimu Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi ikawa ya alumini. Chasisi ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma pia. Zaidi ya hapo, alumini inapogusana na chuma kukiwa na maji ya chumvi katikati, huliwa alumini. Tazama rangi kuzunguka boliti za milango: ukiona vipele, vitoboe kwa ncha ya kisu. Utatoka unga mweupe. Hiyo ni alumini yako.

Wanasema: "Piga oili chafu chini, kutu haitagusa."

Oili chafu hushika mchanga, hulainisha mipira ya bushi, na ile asidi yake unaipaka kwenye chuma kwa mkono wako mwenyewe. Inanuka, inachuruzika. Nta maalumu au grisi safi juu ya chuma kilichooshwa na kukauka inatosha. Lami ya kupaka chini nayo ni nzuri, ila si juu ya kutu, maana utaifungia ndani iendelee na kazi yake.

Wanasema: "Lifunike turubai, au liegeshe chini ya mwembe."

Turubai la nailoni hufungia unyevu na kusugua rangi upepo ukivuma. Tafuta kava la kitambaa kinachopumua. Kuhusu mti, Novemba mwembe unadondosha embe na utomvu, mkorosho unadondosha mabibo, na ndege na popo wanaozifuata embe wanaacha vyao juu ya boneti. Kinyesi cha ndege kina asidi inayokula rangi.

Wanasema: "Huku hakuna baridi, weka maji tu kwenye rejeta."

Kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, haikuwekwa kwa ajili ya barafu peke yake. Ina dawa ya kuzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka.

Yapo na mengine ya kufanya kabla ya kulilaza. Tangi la mafuta lijaze. Tangi lenye nafasi huvuta hewa ya unyevu, na la chuma la gari la zamani hushika kutu juu ya usawa wa mafuta. Hendibreki iachie, maana pedi na viatu vya breki hugandana na diski au ngoma. Tia gia na uzuie matairi kwa magogo. Matairi yaongezee upepo bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Usiliinue juu ya tofali za saruji, hupasuka bila kuaga.

Wanasema: "Panya dawa yake ni sumu."

Panya akila sumu anaweza kwenda kufia ndani ya njia ya hewa ya dashibodi, na hiyo harufu utaijua hadi Pasaka. Anza kwa kuhamisha magunia ya mahindi na mpunga kutoka chumba hicho, kisha tega mitego. Ziba mdomo wa ekzosi na njia ya kuvutia hewa kwa stilwaya ya kusugulia sufuria, na ufunge kitambaa chekundu kwenye usukani kukukumbusha.

Wanasema: "Mvua imeisha, washa twende."

Kwanza toa stilwaya. Pima oili, maji na upepo, chungulia nyaya kama zimetafunwa, kisha tembea polepole uani ukijaribu breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu: ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, yaliyolowa yanaweza kushuka hadi 155. Kama yamepita miaka miwili, yabadilishwe kabla hujalipeleka gari kwenye mteremko wowote.